Uzuri wa Mkakasi: Washairi wa Kihindi na Ibada ya Moyo

Wahenga wetu wa Mwambao walituachia msemo ambao haujachakaa: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kijikebe kilichotiwa nakshi kikapendeza macho, nawe ukikifungua hukuti ndani ila mti mtupu. Aghalabu msemo huu hutumiwa kwa mtu mwenye sura nzuri na tabia mbovu. Walakini waweza kutumiwa vile vile kwa ibada. Yuko mwenye kusimama, akainama, akasujudu, akavuta tasbihi, na moyo wake usiwepo pale hata kidogo.

Jambo hili si geni kwetu. Hadithi ya kwanza katika zile Arbaini alizozikusanya Imam Nawawi ni hadithi ya nia, na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika mlango mzima juu ya siri za swala katika kitabu chake kikubwa cha Ihya. Leo lakini, wasomaji wetu, tutatoka kidogo nje ya ua wetu, tuchungulie kwa jirani. Jirani mwenyewe ni Mhindi, ambaye tumekaa naye tangu zama za majahazi na ambaye vitambaa, viungo na nyimbo zake tumezizoea. Je, Wahindi nao wana wenye kuuliza swali hili la moyo na kiwiliwili? Wanao, na wamelitungia mashairi kwa zaidi ya miaka 500.

Swali hili lina maana zaidi kwa wale vijana wetu waliotoka Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu wakaenda Nairobi kutafuta riziki. Chukua mtaa wa Baba Dogo, huko Ruaraka, kando ya barabara ya Outer Ring. Hapo viwanda na nyumba za wafanyakazi vimekaa bega kwa bega. Alfajiri adhana husikika, Jumapili makanisa hujaa, na kila siku ya kazi watu husimama kwenye malango ya viwanda kungoja kuitwa. Wengi wa wenye viwanda vya namna hii mjini Nairobi ni watu wa asili ya Kihindi: wamo Wahindu, wamo Majaini, wamo Kalasinga, na Waislamu pia wamo.

Kijana wa pwani akiingia katika afisi ya tajiri wa Kihindu, mara nyingi hukuta ukutani picha ya mmoja wa miungu yao imevishwa shada la maua, na mbele yake vijiti vya udi vikifuka moshi kabla daftari la siku halijafunguliwa. Kijana hutikisa kichwa akasema moyoni, "Hawa ibada yao ni ya macho tu." Mwenzake, ambaye maisha ya mjini yamekwisha kumlegeza, hujibu, "Hata sisi ni yale yale. Mungu yuko moyoni, hizi swala tano za nini?"

Hukumu hizi mbili zaonekana kama zinapingana, lakini zote mbili hazikupimwa sawasawa, na washairi wa Kihindi ndio watakaotuonyesha kwa nini.

Katika lugha za Kihindi liko neno bhakti. Maana yake ni mapenzi ya mja kwa Mola wake, mapenzi ya kujitoa mzima mzima. Kutokana na neno hilo ilizuka mikondo ya washairi katika sehemu nyingi za Bara Hindi, kusini kwanza na baadaye kaskazini. Wengi wa washairi hao hawakuwa makuhani wala watu wa ikulu. Namdev alitoka katika jamaa ya washona nguo. Ravidas alikuwa fundi wa ngozi, kazi ambayo Wahindu wa tabaka za juu waliiona ni najisi. Mirabai alikuwa binti wa kifalme wa Rajasthan, naye aliacha fahari ya jumba akaimba pamoja na watu wa kawaida. Narsinh Mehta, Mgujarati wa karne ya 15, alikuwa Mbarahima, yaani mtu wa tabaka la makuhani, na inasimuliwa kwamba wenzake walimtenga kwa sababu alikwenda kuimba katika nyumba za watu waliohesabiwa kuwa hawaguswi. Utenzi wake mmoja uliojulikana sana, Vaishnava Jana To, ndio ule aliokuwa akiupenda Mahatma Gandhi. Maudhui yake ni kwamba mcha Mungu wa kweli hutambulikana kwa namna anavyoyahisi maumivu ya mwenzake.

Jambo moja lawaunganisha watu hawa na washairi wetu wenyewe. Waliiacha lugha ya makuhani, yaani Sanskrit, wakatunga kwa lugha za sokoni na jikoni, ili mwanamke atwangaye na mwanamume afumaye waelewe. Ndivyo walivyofanya masharifu na wanazuoni wa Pate, Lamu na Mombasa walipoutia ujuzi wa Kiarabu katika tenzi za Kiswahili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika Al-Inkishafi, aliusemesha moyo wake mwenyewe, akauonya usihadaike na dunia. Hakuwasemesha watu wengine kwanza. Mshairi wa bhakti angalimfahamu mara moja.

Mashuhuri kuliko wote ni Kabir. Aliishi katika karne ya 15 katika mji wa Banaras, ambao Wahindu huuita Kashi, na alilelewa katika nyumba ya wafuma nguo Waislamu. Kazi yake ilikuwa ni kitanda cha mfumi. Hapo ndipo alipotungia, na ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe. Alimkosoa Mbarahima aliyejivunia uzi wa ukoo begani na kuogopa kivuli cha masikini. Alimkosoa mulla naye aliyepaza sauti na kuhesabu tasbihi huku roho yake ikihesabu faida. Wahindu walikasirika, na Waislamu walikasirika.

Juu ya kifo chake watu husimulia kisa hiki. Wahindu waliamini kwamba mwenye kufia Kashi huokoka moja kwa moja, na mwenye kufia katika mji wa Maghar huzaliwa tena punda. Kabir, baada ya kukaa Kashi umri wake wote, alifunga safari akaenda kufia Maghar kwa makusudi. Alitaka kuonyesha kwamba mahali hapamwokoi mtu ambaye moyo wake haukuokoka. Alipofariki, Wahindu wakataka kumchoma na Waislamu wakataka kumzika. Walipofunua shuka, hawakukuta maiti, walikuta maua, wakagawana.

Sasa tazama mambo ya wanadamu. Hapo Maghar leo pana majengo mawili karibu karibu, moja la ukumbusho la Wahindu na jingine kaburi la Waislamu. Yule aliyesema mahali si kitu, amejengewa mahali mara mbili! Na wafuasi wake, waitwao Kabirpanthi, wana taratibu zao, viongozi wao na sherehe zao. Hatusemi haya kwa kuwacheka. Twayasema kwa kuwa yaonyesha kwamba mwanadamu hawezi kukaa na moyo mtupu bila ya umbo la nje. Ukilibomoa umbo moja, litaota jingine. Kwa hivyo kuwa na umbo si aibu. Lililobaki kuulizwa ni kitu gani kimo ndani yake.

Tumtazame mwingine, ambaye wafuasi wake twawajua zaidi hapa kwetu. Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Kalasinga, alizaliwa mwaka 1469 katika Punjab na akafariki mwaka 1539. Visa vya maisha yake vyasema kwamba ujanani aliwekwa kuwa mtunza ghala la nafaka la liwali wa Sultanpur, Daulat Khan Lodi, aliyekuwa Mwislamu. Siku moja, yasemekana, alikuwa akipima nafaka na kuhesabu vipimo. Alipofika kumi na tatu, neno ambalo kwa lugha yao ni tera, alikumbuka kwamba tera maana yake nyingine ni "Vyako". Basi akaendelea kupima huku akisema tera, tera, vyote ni Vyako ewe Mola, na hakutoka hapo. Ghala lilipokaguliwa halikupungua kitu. Mwislamu asomaye kisa hiki hukumbuka Sura ya Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo.

Kisa kingine chahusu swala. Nanak alialikwa msikitini pamoja na liwali na kadhi. Wao wakasimama kuswali, yeye akakaa akacheka. Walipomaliza wakamghadhibikia. Akawajibu kwamba kadhi muda wote alikuwa na wasiwasi wa mtoto wa farasi aliyezaliwa nyumbani kwake, asije akatumbukia kisimani. Liwali naye alikuwa Kabul, akinunua farasi. Hatimaye wakakiri kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Kisa hiki kimesimuliwa na Kalasinga, na msimuliaji hujipendelea. Walakini ni Mwislamu gani atakayekula yamini kwamba hajapata kununua farasi huko Kabul katikati ya swala? Mmoja akisimama huhesabu kodi ya nyumba. Mwingine husikiliza kama gari lake limefungwa. Kibarua wa Baba Dogo huwaza kama msimamizi atamwita kesho. Imam Ghazali alilijua hilo miaka mia tatu na hamsini na zaidi kabla Nanak hajazaliwa, na dawa aliyoieleza ni kuuhudhurisha moyo na kuziondoa sababu zinazouvuta nje. Hakusema mgonjwa aache kuswali. Mwenye kuumwa na jicho hulitibu, halitoboi.

Kuna kisa cha tatu, na hiki ndicho kiwahusucho hasa wenye viwanda na wenye kuajiriwa. Nanak alifika mji wa Saidpur akafikia kwa seremala masikini aitwaye Lalo. Siku hizo tajiri mmoja mkubwa, Malik Bhago, alifanya karamu ya sadaka akaalika watu wote wa dini. Nanak hakwenda. Alipoitwa kwa nguvu, akauchukua mkate wa tajiri kwa mkono mmoja na mkate mkavu wa Lalo kwa mkono wa pili, akaikamua. Mkate wa Lalo ukatoka maziwa. Mkate wa tajiri ukatoka damu, kwa kuwa ulipatikana kwa jasho la watu walioonewa.

Hapo msomaji aona kwamba ibada ya moyo waliyoiimba watu hawa haikuwa kujifungia chumbani na kuona raha. Moyo wa mtu hauonekani, lakini mkono wake waonekana. Je, umepima sawa? Je, ujira umelipwa kwa wakati wake? Katika dini yetu pia Mtume (S.A.W.) aliagiza mwenye kufanya kazi alipwe jasho lake kabla halijakauka. Na Sura ya Maun, ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mapema, yawakemea wenye kuswali ilhali wameghafilika na swala zao, wenye kujionyesha, ambao hata kitu kidogo cha kumsaidia jirani hukizuia. Swala na chombo cha jirani vimewekwa katika sura moja fupi.

Basi yule kijana aliyeutazama udi katika afisi ya tajiri wake, akitaka kumhukumu kwa mizani ya washairi wa Kihindi wenyewe, asiutazame udi. Autazame mfuko wa mishahara Jumamosi. Tauhidi yetu haibadiliki, na sanamu kwetu ni haramu. Hilo halina mjadala wala hatuna haja ya kulificha. Lakini ikiwa twasema Banyani yule ibada yake ni ya macho tu, basi na tuwaulize wenzetu pia. Yuko Mwislamu mwenye duka, mwenye sijda katika paji la uso, ambaye kijana wake wa kazi hajui mwezi huu atalipwa lini. Yuko bibi mwenye kwenda darasani kila wiki, na msichana wake wa nyumbani halali mpaka saa sita za usiku. Mkate ukikamuliwa, hautauliza ni wa dini gani.

Mashairi haya hayakubaki Bara Hindi. Mwaka 1604 Guru Arjan, wa tano katika maguru wa Kalasinga, aliyakusanya katika kitabu ambacho sasa chaitwa Guru Granth Sahib. La ajabu ni kwamba hakuyatia ya maguru peke yao. Alimtia Ravidas fundi wa ngozi, Namdev wa washona nguo, na Kabir mfumi, ambaye beti na nyimbo zake humo zapita 500. Zaidi ya hao, zimo beti zaidi ya 100 zinazonasibishwa na Sheikh Farid, Mwislamu wa tarika ya Chishti, aliyeishi Punjab katika karne ya 13. Kwa hivyo kila panaposomwa kitabu hicho, maneno ya sheikh wa Kiislamu yaweza kusikika.

Kitabu hicho kilivuka bahari kikaja kwetu. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Waingereza waliajiri Wahindi wapatao 32,000. Wapatao 2,500 walikufa kazini, na waliobaki hapa baada ya reli kufika Ziwa Nyanza mwaka 1901 hawakufika 7,000. Wengi wa mafundi walikuwa Wapunjabi, Kalasinga na Waislamu. Wale Kalasinga waitwao Ramgarhia hasa walikuwa maseremala, wahunzi na waashi, watu wa kazi ya Lalo. Ukienda Nairobi kwa barabara ya Mombasa utapita Makindu, na hapo pana hekalu lao lililojengwa mwaka 1926. Msafiri ye yote, wa dini yo yote, huvua viatu, hufunika kichwa, akaketi na wenzake akapewa chakula bila ya kulipa. Desturi hiyo huitwa langar. Watu wengi wa pwani wamekula hapo. Wachache ndio wajuao kwamba chakula kile ni shairi lililopikwa: kwamba tajiri na kibarua wakiketi safu moja wakala chungu kimoja, lile neno la usawa mbele ya Mungu limepata umbo la nje.

Na kabla ya Makindu, ukitoka Mombasa, kuna Mackinnon Road. Waislamu wetu hapo hawahitaji kuelezwa. Kando ya reli pana msikiti na kaburi la Seyyid Baghali Shah, Mpunjabi aliyekuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Husimuliwa kwamba alipokuwa akibeba, karai lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila ya kukigusa. Hata neno karai lenyewe ni la Kihindi. Madereva wengi husimama pale wakaomba dua na kutoa sadaka, na wako wasemao kwamba apitaye bila ya kusimama hujitafutia balaa njiani.

Juu ya kuzuru makaburi masheikh wetu wana kauli mbalimbali, nasi hatutaamua hapa. Twaliangalia upande mmoja tu. Mtu aliyekumbukwa ni mfanyakazi, na karama anayosimuliwa ni ya kazini: hakusimuliwa kwa kilemba wala kwa kiti, alisimuliwa kwa karai. Dereva anayesimama akatoa shilingi zake, kisha akaondoka kwa mwendo wa kuua abiria, amelizuru jengo na amempita mwenyewe.

Sasa turudi kwa yule mwenzake wa Baba Dogo, asemaye kwamba Mungu yuko moyoni na swala hazina haja. Huyu ndiye anayewatumia washairi hawa vibaya kuliko wote, hata kama hajawahi kuwasikia. Kabir alilipinga umbo tupu, lakini alikuwa na wirdi wake, kutaja jina la Mola usiku na mchana huku uzi ukipita mkononi. Nanak alicheka msikitini, lakini aliwaachia wafuasi wake kuamka kabla ya alfajiri na kumtaja Mungu, kufanya kazi kwa mikono na kugawana walicho nacho. Mirabai aliacha jumba la kifalme. Hakuna hata mmoja wao aliyechukua neno "moyo" kuwa godoro la kulalia. Asemaye kwamba ibada yake iko moyoni na aulizwe: huko moyoni waamka saa ngapi?

Na hapa ndipo njia zetu na zao zinapoachana, nasi tuseme wazi bila ya matusi. Kabir aliona maumbo yote ni sawa na mengi yao hayana maana. Sisi twaamini kwamba swala ni nguzo iliyofaradhishwa, ina nyakati zake na rakaa zake, na kwamba moyo ulio hai ndio unaoihitaji zaidi. Chungu bila ya chakula hakimshibishi mtu, na chakula bila ya chungu humwagika. Lakini njia kuachana hakutukatazi kuchukua onyo zuri kwa jirani, kwani hekima ni kitu kilichompotea Muumini, akikiona huokota.

Kwa hivyo kijana wa pwani aliye Baba Dogo asiache msikiti wake kwa sababu ya maneno ya Kabir, wala asimdharau Mhindi aliye mbele yake kwa sababu ya shada la maua. Yeye na tajiri wake, kila mmoja katika mila yake, wameachiwa onyo moja na wazee wao. Tajiri ana Narsinh na Nanak wa kumwuliza juu ya mkate wake. Kijana ana Ghazali na Sayyid Abdalla wa kumwuliza juu ya swala yake. Ijumaa hii, imamu atakapotoa salamu, kila mmoja wetu na ajiulize alikuwa wapi katika zile rakaa mbili. Na akitoka, kabla ya kwenda zake, amlipe anayemdai.

Wabillahi taufiq.